Besimenti kabla ya jipsamu: ukuta uvikwe nini, na joto litoke wapi?

Besimenti ya futi 24 kwa 32, yenye kuta za futi 8, ina karibu futi 900 za mraba za zege linalokabiliana na udongo na baridi ya nje. Kwa anayeishi Minneapolis, Columbus, Toronto au Edmonton katika nyumba ya zamani, mara nyingi zege hilo liko uchi. Mtu akipata fedha za kuimalizia, iwe ni chumba cha mama akija kutoka nyumbani au mahali pa watoto kuchezea Januari, kawaida huanza kuulizia hita. Hilo ni swali la pili. Besimenti ya ukubwa huo ikiwa uchi inaweza kudai kilowati 6 au 7 usiku wa baridi kali. Ikishavikwa na kuzibwa nyufa, 2 au 3 zinatosha. Ukinunua hita kabla ya kuvika ukuta, umenunua hita ya ukuta mbovu.

Kwanza maji, kisha radoni

Hakuna insulesheni inayotibu ukuta unaovuja. Kata vipande viwili vya nailoni, futi 2 kwa 2. Kimoja kibandike ukutani, kingine sakafuni, kwa tepu pande zote nne, uviache siku mbili. Umande ukitokea upande wa chumbani, tatizo ni unyevu wa hewa ya ndani, na mashine ya kukausha hewa italimaliza. Ukitokea upande wa zege, maji yanapita kwenye ukuta wenyewe. Hapo dawa huanzia nje: safisha gata, ongeza bomba lake limwage maji futi 6 hadi 10 mbali na nyumba, na udongo ushuke inchi 6 katika futi 10 za kwanza kutoka ukutani. Unga mweupe juu ya zege ni chumvi iliyoachwa na maji yaliyokauka. Usiupake rangi ukadhani umeutibu.

Radoni ni gesi inayotoka ardhini, haina harufu wala rangi, na husababisha saratani ya mapafu. Pima kabla ya kuziba chochote. Marekani inashauri marekebisho kuanzia pikokyuri 4 kwa lita, Kanada kuanzia bekereli 200 kwa mita ya ujazo. Dawa yake ni bomba linalotobolewa sakafuni na feni inayovuta gesi hadi juu ya paa. Kuliweka sasa ni kazi ndogo, lakini ukishaweka sakafu na jipsamu (bodi za kumalizia ukuta) utalazimika kubomoa.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kila aina ya ukuta tutaipima kwa maswali yale yale: inazuia joto kiasi gani (namba ya R, ikiwa kubwa ndiyo bora), inaishije na unyevu, kazi yake ikoje, huharibika wapi, na inamfaa nani. Kanuni za mfano za Marekani za 2021 zinataka R-10 isiyokatizwa na mbao, au R-13 kati ya mbao, katika ukanda wa 4 wa hali ya hewa (namba ikipanda, baridi huzidi). Kuanzia ukanda wa 5 kwenda kaskazini ni R-15 isiyokatizwa au R-19 kati ya mbao. Mji wako unaweza kuwa na toleo lake, kwa hiyo uliza ofisi ya vibali kabla ya kununua.

Ukuta, chaguo la kwanza: bodi za povu gumu

*Joto.* EPS, ile nyeupe ya punje punje kama stairofomu, hutoa karibu R-4 kwa inchi. XPS, ya bluu, waridi au kijani, ni R-5. Inchi 2 za XPS ni R-10, inchi 3 ni R-15.

*Unyevu.* Haiozi na haifyonzi maji kirahisi. Kazi yake kubwa ni kuzuia hewa ya chumbani isifike kwenye zege baridi. EPS hupitisha mvuke zaidi kuliko XPS, kwa hiyo ukuta wa zamani wenye unyevunyevu hupata nafasi ya kukauka polepole kuelekea ndani.

*Kazi.* Bodi ya futi 4 kwa 8 ina futi 32 za mraba. Ukuta wa futi 896 unataka bodi 28. Ongeza asilimia kumi ya vipande vitakavyopotea, nunua 31. Gundi iwe ile iliyoandikwa kwamba inafaa kwa povu, ipakwe mistari inayofunga mzunguko kamili pembeni mwa bodi ili hewa isitembee nyuma yake. Bodi isikanyage sakafu: acha nusu inchi, uijaze kwa povu la kopo. Maungio yote yapigwe tepu ya ujenzi. Mbele yake simamisha fremu ya mbao za 2x4, ya chini ikiwa imetiwa dawa ya kuzuia kuoza, halafu jipsamu ya nusu inchi. Jipsamu hiyo si urembo. Povu huwaka na kutoa moshi wa sumu, na kanuni zinadai lifunikwe.

*Huharibika wapi.* Gundi yenye kiyeyusho hula povu. Ukirudi kesho bodi imeachia na nyuma yake pana mashimo. Ukuta uliobetuka huacha pengo ambalo hewa hupita. Ukuta wa mawe ya zamani hauwezi kabisa kuvikwa bodi ukakaa sawa.

*Inamfaa nani.* Mwenye ukuta ulionyooka wa zege au bloku, anayefanya kazi mwenyewe wikendi na anayetaka kununua kidogo kidogo.

Chaguo la pili: povu la kupuliza, la seli zilizofungwa

*Joto.* R-6 hadi R-7 kwa inchi. Inchi 2 na nusu zinavuka R-15, yaani katika unene mdogo kuliko chaguo lolote jingine hapa.

*Unyevu.* Hung'ang'ania kila kitu: jiwe, bomba, kona, boriti. Halina maungio. Lakini ukuta ukivuja baadaye hutauona, utaona maji yakitokea chini tu.

*Kazi.* Ni ya fundi mwenye mashine, suti na hewa yake ya kupumulia. Familia inahama kwa saa 24 angalau, au kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji. Fremu isimamishwe kabla, ikiachwa inchi 2 kutoka ukutani, ili povu lipite nyuma ya mbao. Halijoto ya zege ipimwe, si ya chumba: ukuta wenye baridi chini ya kiwango cha bidhaa hukataa kushikwa.

*Huharibika wapi.* Dawa mbili zinachanganywa papo hapo. Uwiano ukikosewa, povu hunyauka na kuachana na mbao, au hubaki na harufu kama ya samaki isiyoisha kwa kufungua madirisha. Likipulizwa nene mno kwa mkupuo mmoja, joto la kemia yake huweza kuliunguza ndani. Mikupuo ya kama inchi 2, ikipishana ili ipoe, ndiyo kawaida. Kulitoa ni kukwangua ukuta mzima.

*Inamfaa nani.* Mwenye msingi wa mawe au ukuta uliojaa mabomba, asiye na nafasi ya kupoteza inchi, na mwenye fedha kuliko muda. Kwa kawaida ndilo ghali kuliko yote hapa.

Chaguo la tatu: pamba kati ya mbao

*Joto.* Katika mbao za 2x4, pamba ya kioo hutoa R-13 na pamba ya mawe R-15. Kwenye kanda za baridi hiyo peke yake haifiki R-19, na mbao zenyewe hupitisha baridi.

*Unyevu.* Hapa ndipo penye kesi. Pamba huzuia joto lakini hewa hupita. Hewa ya chumbani, yenye mvuke wa kupika, kuoga na kupumua, hupenya pamba ikakuta zege baridi na kutoa umande, vile vile chupa ya soda ya friji inavyotoa jasho mezani. Ukiufungua ukuta wa namna hiyo mwezi Machi, utakuta madoa meusi ya ukungu nyuma ya pamba, mengi zaidi sehemu ya juu ambako zege liko juu ya usawa wa udongo na baridi ya nje inaligusa moja kwa moja. Zege lenyewe lina umande. Misumari ya mbao ya chini imeanza kutu. Kutoka chumbani ukuta unaonekana mpya, ila harufu tu.

Wengi hudhani nailoni mbele ya pamba inamaliza tatizo. Wakati wa baridi husaidia, ikiwa imezibwa kikamilifu. Kiangazi unyevu wa zege huelekea ndani, hukuta nailoni, hunaswa. Baadhi ya wakaguzi, hasa Kanada, bado huidai kwenye ukuta wa pamba tupu.

*Kazi.* Rahisi kuliko zote: kisu, glovu, barakoa. Pamba ya mawe hukatika kwa msumeno wa mkate na hujishika yenyewe kati ya mbao.

*Inamfaa nani.* Peke yake, mwenye nyumba mpya ambayo zege lake lilivikwa kwa nje wakati wa ujenzi. Kwa wengine, pamba ni mwenzi mzuri wa povu: inchi 2 za XPS zikigusa zege, kisha pamba ya mawe kwenye fremu ya mbele, jumla R-25 bila nailoni. Povu linaliweka zege mbali na hewa ya chumbani, na pamba inaongeza R kwa bei ndogo. Kwa ukuta wa kawaida wa zege, mchanganyiko huu ndio tungeanza kuupigia hesabu.

Sehemu mbili ambazo makadirio ya bei husahau

Ukingo wa boriti, pale mbao za sakafu ya juu zinapokalia msingi, huvujisha hewa kuliko sehemu yoyote ya ukuta. Ukivika ukuta wote ukaacha huo, umefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Kata kipande cha povu la inchi 2 kwa kila nafasi kati ya boriti, kiwe kidogo kwa robo inchi kila upande, kisukume hadi kiguse mbao ya nje, kisha zungusha povu la kopo kwenye pengo hilo la robo inchi. Kikibana sana povu la kopo halina pa kuingia, na hewa hupita pembeni. Nyumba yenye nafasi 40 humaliza makopo kadhaa na wikendi moja.

Sakafu: zulia juu ya zege tupu hunuka kiangazi. Inchi 1 ya povu na tabaka mbili za plaiwudi ya nusu inchi zilizopishanishwa maungio na kufungwa kwa skrubu fupi zisizofika zege huondoa ubaridi, ila hula inchi 2 za kimo. Kanuni za mfano za Marekani zinataka chumba cha kukaliwa kiwe na futi 7, kwa hiyo pima kwanza.

Sasa joto: vigezo

Kila hita tunaiuliza: inagharimu nini kuendesha, kazi ya kuiweka, hufanya nini kiangazi, huharibika wapi, inamfaa nani. Kwa gharama, tumia hesabu hii na uweke bei za bili yako. Btu (kipimo cha joto) milioni moja, ambazo besimenti iliyovikwa humaliza kwa siku sita hivi za baridi kali, ni uniti 293 za umeme. Kwa senti 15 kwa uniti, hita ya kawaida ya umeme hutumia dola 44. Pampu ya joto inayotoa mara 2.5 ya umeme inaoutumia, dola 18. Tanuru la gesi la ufanisi wa asilimia 95, gesi ikiwa dola 1.20 kwa thamu (Btu 100,000), karibu dola 13.

Kurefusha mabomba ya tanuru

*Gharama.* Ya chini pale gesi ilipo rahisi, na tanuru tayari unalo. Bomba la duara la inchi 6 hupeleka Btu kama 5,000 kwa saa. Mawili au matatu yanatosha besimenti ya mfano wetu.

*Kazi.* Matundu ya kutolea joto yashushwe karibu na sakafu. Yakiachwa darini, joto hubaki juu na miguu hubaki baridi. Lazima pia kuwe na tundu la kurudisha hewa, nalo lisiwe ndani ya futi 10 za tangi la maji moto au tanuru linalovuta hewa ya chumbani. Likiwa karibu, linaweza kurudisha moshi wenye kaboni monoksaidi ndani ya nyumba.

*Kiangazi.* Hewa ya AC hushukia chumba ambacho tayari ni baridi. Weka kifungio kwenye kila bomba.

*Huharibika wapi.* Kwenye chumba cha tanuru. Watu hulizungushia ukuta ili lisionekane. Vifaa vinavyovuta hewa ya chumbani vinahitaji futi 50 za ujazo kwa kila Btu 1,000: tanuru la 80,000 na tangi la 40,000 vinataka futi 6,000 za ujazo, yaani karibu besimenti nzima. Ukivifungia, toboa matundu mawili, kila moja inchi 120 za mraba, moja ndani ya inchi 12 kutoka darini na jingine vivyo hivyo kutoka sakafuni. Vifaa vyenye mabomba mawili ya plastiki yanayokwenda nje, moja la kuvuta hewa, havihusiki.

*Inamfaa nani.* Mwenye tanuru zuri lenye nguvu ya ziada na besimenti ya chumba kimoja kikubwa. Thamostati iko juu, kwa hiyo chini utapata joto pale juu wanapohitaji.

Hita za umeme za kando ya ukuta

*Gharama.* Rahisi kununua, ghali kuendesha. Kila futi hutoa wati 250 hivi. *Kazi.* Mbili za futi 6 ni wati 3,000 kwenye volti 240, yaani ampea 12.5, hizo zinataka breka ya 20 na waya wa geji 12. Zikae chini ya dirisha, si chini ya soketi, kwa sababu waya wa kifaa ukining'inia juu yake huungua. *Kiangazi.* Hazifanyi chochote. *Huharibika wapi.* Sofa na mapazia, zaidi ya hapo hazina cha kuharibika. *Inamfaa nani.* Chumba kinachotumika mara chache, au vyumba kadhaa ambavyo kila mmoja anataka thamostati yake. Zinashinda mbali hita ya kuchomeka ya wati 1,500 iliyounganishwa na waya wa kurefusha.

Pampu ya joto, spliti ya ukutani

*Gharama.* Ya chini kwa kuendesha kuliko umeme mwingine wowote, kubwa kuweka. Punguzo la kodi la serikali kuu ya Marekani (25C) lilikoma kwa kazi iliyokamilika baada ya 31 Desemba 2025. Ukilikuta kwenye makadirio, uliza.

*Kazi.* Ya Btu 9,000 inatosha. Soma jedwali la mtengenezaji uone inatoa nini kwenye nyuzi −25 za Selsiasi, si ile namba ya kwenye boksi. Kitengo cha nje kikae kwenye kitako kirefu kuliko theluji yenu. Ndani ya besimenti, maji ya umande inayotoa kiangazi hayawezi kuteremka nje yenyewe, kwa hiyo inataka pampu ndogo ya maji.

*Kiangazi.* Hupoza na kukausha, ila besimenti ikiwa tayari baridi haiwaki vya kutosha. Bakiza mashine ya kukausha hewa, uweke unyevu chini ya asilimia 50.

*Huharibika wapi.* Maungio ya bomba la gesi yake ya kupozea yasiyobanwa sawa huvuja polepole, na pampu ndogo ya maji huziba. Na kichwa kimoja kinapasha chumba kilipo. Milango ikifungwa, vyumba vingine hupoa.

*Inamfaa nani.* Asiye na gesi, na mwenye nafasi moja ya wazi inayotumika kila siku.

Sakafu ya umeme

Wati 12 hivi kwa futi ya mraba, waya ndani ya simenti ya kusawazisha chini ya vigae. Bila povu chini yake unapasha udongo. Huchelewa kupata moto, na waya ukikatwa na skrubu ya mlango, kutafuta palipokatika ni kazi ya fundi mwenye kipimo maalumu. Kiangazi haina kazi. Inafaa bafu. Kwa besimenti nzima, bili ni ile ile ya hita za ukutani huku gharama ya kuiweka ikiwa kubwa zaidi.

Kulingana na hali yako

Ukuta umenyooka, una gesi, bajeti ni ya kubana: inchi 2 za XPS, pamba ya mawe mbele, ukingo wa boriti uzibwe, mabomba mawili ya tanuru yashushwe hadi sakafuni.

Msingi ni wa mawe, nyumba ya mwanzo wa karne iliyopita: shughulikia maji ya nje kwa msimu mzima kwanza, halafu povu la kupuliza. Hita iwe ya umeme hadi uone bili ya majira ya baridi ya kwanza.

Hakuna gesi na familia inaishi chini kila siku: spliti kwenye sebule, hita ndogo ya ukutani kwenye kila chumba cha kulala kwa zile usiku za baridi kali.

Unapanga kuhama baada ya miaka miwili: vika ukuta vizuri, tumia hita za bei rahisi. Anayenunua atabadilisha hita kwa siku moja, ila ukuta hataufungua.

Kuna atakayelala huko, awe mzazi mgeni au mpangaji: kabla ya povu na kabla ya hita, dirisha la kutokea dharura. Kanuni za mfano za Marekani zinataka uwazi wa futi 5.7 za mraba, au 5.0 likiwa usawa wa ardhi, kimo kisichopungua inchi 24, upana inchi 20, na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Sakafu ya povu na plaiwudi hupandisha sakafu inchi 2, kwa hiyo kizingiti hicho kipime kutoka juu ya sakafu mpya. Zege hukatwa kwa msumeno wa maji, na tope lake hurukia kila kitu kilichokwisha kupigwa tepu.